Nyuzi Ngumu za Banjo la Mzee Alois

Nasri, fundi seremala wa Gongoni, hakuwa na tatizo la mikono. Mikono yake ilikuwa mizuri na mji mzima wa Tabora ulilijua hilo. Vitanda vyake vya mninga vilidumu kuliko baadhi ya ndoa zilizolaliwa juu yake. Tatizo lilikuwa mdomo. Mdomo wa Nasri haukuweza kabisa kutamka, "Hilo mimi silijui." Umletee saa mbovu, ataipokea. Umletee redio, ataigeuzageuza, atakohoa kidogo, kisha atakwambia upite Alhamisi. Na kwa kuwa kwa miaka ishirini alikuwa akirekebisha magitaa ya kwaya na ya bendi za harusi, kuanzia Sikonge mpaka Igunga, alizoea kutangaza kwamba hakijatengenezwa chombo cha nyuzi kitakachomshinda.

Kwa hiyo Mwalimu Josepha alipoingia karakanani na boksi mwezi wa tisa, Nasri alilipokea hata kabla hajaambiwa ndani kuna nini.

Ndani kulikuwa na banjo, ila si banjo zima. Lilikuwa la kuunga mwenyewe: duara la mbao, shingo iliyokwishachongwa, kulabu ishirini na nne za kukazia ngozi, vigingi vya nyuzi, kidaraja kidogo cha mbao, bahasha ya nyuzi tano na karatasi ya maelekezo ya Kiingereza yenye picha. Josepha na ndugu zake walikuwa wamechanga wakaliagiza kwa ajili ya baba yao, Mzee Alois wa Kigwa, mstaafu wa reli. Ujanani mzee huyo alipiga banjo katika bendi ya wafanyakazi wa reli, mpaka lile la kwake likaungua pamoja na nyumba, na tangu hapo hakushika jingine. Sasa mwezi wa kumi yeye na Mama Martha walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Mzee alitaka kitu kimoja tu katika sherehe yote: ampigie mkewe wimbo aliomposea.

"Ila baba ana ombi," Josepha alisema. "Anaomba nyuzi laini. Vidole vyake vimekakamaa siku hizi, ngumu hataziweza."

Nasri akasema mzee alale usingizi, kazi imefika kwa wenyewe. Josepha alipotoka, ile karatasi ya maelekezo akaikalishia kopo la gundi juu yake.

Kasoro moja tu ilionekana siku ile. Ngozi ya plastiki iliyokuja na boksi ilikuwa imepasuka, maana kwenye buti la basi gunia la mchele lililopakiwa Igunga lililala juu yake njia nzima. Nasri hakuhangaika. Ngozi ya mbuzi ina sauti tamu zaidi, na mtu wa ngozi alikuwa mmoja tu, naye ni Ngollo.

Ngollo alikuwa Mnyamwezi wa hukohuko Kigwa, mwambaji ngoma, mtu wa miaka sitini na kitu. Babu yake Nasri alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na hawa wawili walikuwa wameushika utani kwa mikono miwili. Ngollo hakuwahi kupiga hodi pale karakanani hata siku moja. Aliegesha baiskeli yake ukutani na kuanza kutukana akiwa bado barabarani.

"We mla nazi, bado hujafukuzwa tu mjini kwetu?"

"Tua mzigo, mpagazi wangu," Nasri alijibu bila kuinua kichwa. "Babu yako alifika kwetu na pembe begani akiomba maji."

"Na babu yako akamuuzia."

Wateja walicheka, na mgeni asiyejua angedhani watu hao wataitana mahakamani. Ukweli ni kwamba Nasri hakuwa na rafiki mwingine wa aina ile. Msiba wa mama yake ulipotokea, Ngollo, kama ilivyo kazi ya mtani msibani, ndiye aliyelala chini ya kitanda cha marehemu na kugoma kutoka mpaka apewe kanga zake zote, na ndiye pekee aliyemfanya Nasri acheke siku ile.

Ngollo alileta ngozi baada ya siku nne. Ilikuwa nyeupe, nyembamba, imeparwa sawasawa kila upande. Utani ulipokwisha alisema jambo moja kwa uso mkavu. Aliomba ngozi ikazwe taratibu, siku mbili tatu, kulabu hii kisha ya mkabala wake, na iachiwe nafasi, kwa sababu jua la mwezi wa kumi litaikaza lenyewe. Nasri akamjibu kwamba hafundishwi kazi na mpagazi.

Kuunga kulikwenda vizuri. Shingo ilikaa, duara lilikaa, ngozi ikaloweshwa maji, ikalazwa, ikakauka, ikalia vizuri ukiigonga kwa kidole. Shida ilianza kwenye nyuzi. Banjo hili lilikuwa na kigingi cha tano kilichoota katikati ya shingo, kitu ambacho Nasri hakuwahi kukiona maishani mwake. Katika ile bahasha nyuzi mbili zilikuwa nyembamba sana. Karatasi yenye picha ilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa, na juu yake limekaa kopo. Hakuisoma. Alizipandisha zile nyuzi kwa masikio ya gitaa, akazidisha, ya kwanza ikakatika na kumchapa kidole. Akajaribu ya pili, nayo ikaenda.

Alikwenda dukani kutafuta nyingine. Mwenye duka alikuwa na za gitaa tu, ngumu, lakini alisema za banjo anaweza kuziagiza Dar, zitafika kwa basi baada ya siku nne, na akamwuliza anataka zipi, laini au ngumu. Hapo, msomaji, palikuwa na wateja wengine wawili wakisikiliza, na mmoja alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya harusi. Nasri angeweza kusema mzee ameomba laini, zile za awali nimezikata mwenyewe, tafadhali niagizie. Siku kumi zilikuwa bado zimebaki. Badala yake alisema banjo ni chombo cha kelele na huvaa nyuzi ngumu, akalipia za gitaa, akaondoka. Zilizokuja na boksi alizitupa zote. Kwa kile kigingi cha katikati alifanya kama alivyowafanyia wanakijiji wa Sikonge mara nyingi: alichambua waya wa breki ya baiskeli, akatoa uzi mmoja, akaufunga.

Nyuzi ngumu zina nguvu ya kuvuta. Zilikandamiza kidaraja, kidaraja kikabonyeza ngozi, ngozi ikazama na sauti ikafa. Nasri akakaza kulabu. Sauti ikarudi, nyuzi zikazidi kuvuta, akakaza tena, zote kwa mkupuo mmoja. Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, aliona ufa mdogo ukingoni mwa ngozi, mwembamba kama unywele, urefu wa nusu kidole. Aliutazama kwa muda. Kisha akaupaka gundi ya mbao, ilipokauka akapitisha mshumaa juu yake, akapangusa kwa kitambaa. Huwezi kuuona, alijiambia, na kwa kweli ulikuwa hauonekani.

Kigwa siku ile ya Jumamosi palikuwa na turubai, masufuria, kwaya yenye sare mpya na jua la kuchoma. Mzee Alois alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyompwaya. Alipopokea banjo alilishika shingoni, akajaribu uzi mmoja, akamtazama Nasri.

"Mbona ngumu, fundi?"

Nasri alimwambia zitalainika akishapiga. Mzee hakubisha, hakuwa mtu wa kumwaibisha fundi mbele za watu. Akasogea mpaka mbele ya mkewe, akabonyeza nyuzi kwa vile vidole vyake, ukaona shavu linamtetemeka kwa maumivu, akaanza. Alipiga labda robo ya wimbo. Mama Martha alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa, amekumbuka, ndipo ngozi ilipopasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Kidaraja kilitumbukia ndani, nyuzi zikalegea zote, na mzee akabaki amekumbatia duara tupu mbele ya watu mia tatu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama Martha alimshika mumewe mkono akamkalisha, na Valentino, mwenyekiti wa kwaya, akamgeukia Nasri na kumwuliza kulikoni.

"Ngozi," Nasri alisema. "Ngozi ya Ngollo haikuiva."

Ilimtoka haraka kiasi kwamba hata yeye alishtuka. Aliangalia pembeni na kumwona Ngollo amesimama karibu na masufuria, sahani mkononi. Nasri alingoja arushiwe neno, maana yule mtu hakuwahi kukosa neno. Ngollo aliweka sahani chini, akasogea, akainua kipande cha ngozi kilichoning'inia na kukisugua taratibu kati ya vidole. Upande aliouinua haukuwa ule wenye gundi. Akatazama chini, kisha akaondoka.

Habari kama hizo hazihitaji gari. Kabla ya wiki kuisha Valentino alikuwa amefuta ngoma nne zilizoagizwa kwa Ngollo kwa ajili ya Krismasi, na kikundi cha ngoma cha Uyui kikaenda kununua ngozi kwa mtu mwingine. Nasri alizisikia habari hizo akiwa karakanani, alikolirudisha lile banjo lililopasuka, na akajisemea kwamba zitapoa zenyewe. Aliacha kula vizuri. Kila baiskeli iliyoegeshwa nje ilimfanya atazame mlango, na mwenyewe hakujua kama anaogopa iwe ya Ngollo au anaogopa isiwe.

Siku ya kumi na mbili baiskeli ilikuwa ya Ngollo. Na alipiga hodi.

Nasri alidhani hakusikia vizuri. Ngollo alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasalimia kwa mwangaluka, salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi, kama anavyosalimia mtu asiyemzoea, akangoja akaribishwe kiti. Kifuani alikuwa amekumbatia ngozi mpya iliyofungwa kwa kitambaa safi.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Nimekuharibia jina lako mbele ya watu. Nimekaa nimefikiri, sijui nilikosea wapi. Labda chumvi. Labda macho yameshakwisha. Hii nimeipara mara tatu, nikamwita na mpwa wangu Deus aniangalizie. Ukiona haifai, usiitumie."

Hapo ndipo Nasri angesema kweli. Watu walikuwa hawapo, walikuwa wawili tu, na mtani husikia mabaya kuliko hayo. Alipokea ngozi kwa mikono miwili na kusema, "Haya, ndugu yangu, ni mambo ya kazi tu." Ngollo alimshukuru. Alimshukuru! Akatoka, akasukuma baiskeli yake mpaka kona ndipo akaipanda.

Jioni hiyo Nasri aliondoa kopo la gundi juu ya karatasi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini picha zilisema vya kutosha. Alikwenda dukani kesho yake, na safari hii mpiga gitaa yule yule alikuwepo. Nasri alisema kwa sauti kwamba zile za kwanza zilimkatikia kwa kutojua, na kwamba anataka nyuzi za banjo, laini kuliko zote zilizopo. Mwenye duka aliandika tu, mpiga gitaa akaendelea kuchagua betri. Hakuna aliyejali. Nasri alitoka akiwa na hasira na nafsi yake, kwa sababu jambo alilolikimbia kwa gharama ile lilikuwa dogo namna hii.

Nyuzi zilipofika alifanya kazi kama mwanafunzi. Alikaza ngozi kwa siku tatu, kulabu na ya mkabala wake, akaiachia nafasi. Alipima kutoka juu ya shingo hadi kichuma cha kumi na mbili kati ya vile vilivyopachikwa shingoni, akapima tena urefu uleule kwenda chini, hapo akasimamisha kidaraja, bila gundi, kikishikiliwa na nyuzi zenyewe. Ule uzi mfupi wa kigingi cha katikati aliupandisha kidogo kidogo mpaka ukalia juu ya wenzake. Alichonga mfereji zinamopita nyuzi, kule juu ya shingo, hadi zikashuka karibu na shingo, mtoto mchanga angeweza kuzibonyeza. Lilitoa sauti safi, nayo sauti hiyo haikumfurahisha hata kidogo, maana ilikuwa ni ngozi ya Ngollo inayolia.

Jumapili alifika Kigwa kwa basi la asubuhi. Mzee Alois aliwaita wanajumuiya waje baada ya misa wasikilize, na Nasri aliomba Ngollo naye aitwe. Walikaa uani, watu kama thelathini. Kabla ya kulitoa banjo kwenye mfuko, Nasri alisimama.

"Shikamoo Mzee Alois, shikamoo Mama. Ndugu zangu, nina neno. Ile ngozi ya kwanza haikuwa na kasoro yoyote. Mwenye kasoro nilikuwa mimi. Ngollo hana kosa, nimemsingizia."

Valentino akaanza kucheka. Wengine wakafuata. Mzaramo kaja kumbembeleza mtani wake, walisema; mama mmoja akadai Mzaramo atozwe faini ya mbuzi kabisa ili mtani arudishe roho. Ua wote ukachangamka. Nasri alisema tena kwamba ni kweli, wakazidi kucheka, kwa sababu ni nani aliyewahi kumsikia mtani akisema la kweli juu ya mtani wake? Na Ngollo, aliyekuwa amekaa mwisho wa mkeka, aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu sherehe ile, alitabasamu.

"Mwacheni," alisema. "Watu wa pwani wakishiba wali husema chochote."

Mtani wake alikuwa amerudi. Alikuwa pale, anatukana, macho yanacheka. Na yeye ameshasema, si ameshasema? Mungu ameshasikia, kama watu hawakuamini si shauri lake. Angejibu tu kwa neno moja la upagazi na mambo yangekwisha kwa kicheko. Neno lenyewe alikuwa nalo ulimini. Lakini alimwona Valentino anacheka kwa wema ule wa kumhurumia Ngollo, wema wa watu walioamua kwamba mzee amechoka na mikono yake haifai tena, na akajua kwamba akikaa sasa, Ngollo atabaki hivyohivyo mpaka kaburini.

Akafungua mfuko. Hakutoa banjo. Alitoa zile nyuzi za gitaa, uzi wa breki na ngozi iliyopasuka, akapiga magoti mbele ya Mzee Alois na kumwekea mapajani.

Mzee alishika nyuzi kwanza. Alizipitisha vidoleni, na vidole vilizijua. Akashika ngozi, akaifuata ukingoni polepole, akafika mahali akasimama. Akakwaruza kwa ukucha.

"Hii ni gundi ya mbao," alisema.

Kicheko kilikatika. Ngollo aliinuka, akaja, akaichukua ngozi yake. Aliutazama ule ufa uliofunikwa kwa nta, akaikunja ngozi na kuikunjua, na ilionekana wazi kwamba haimchukui muda kuelewa.

"Ulijua siku ya sherehe?"

"Nilijua tangu Ijumaa."

"Na siku niliyokuja kwako kukuomba radhi?"

"Nilijua," Nasri alisema, bado yuko magotini.

Ngollo alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei. Kisha akasema, bila kumsemea mtu yeyote hasa, kwamba Jumatano ametupa ngozi kumi na mbili kwenye shimo nyuma ya nyumba, ngozi nzuri, kwa kuwa hakuziamini tena, na kwamba amemwambia Deus atafute kazi nyingine kwa sababu mkono wa mjomba wake umeharibika. Valentino alikuwa anatazama viatu vyake.

Nasri alingoja atukanwe. Alilitamani tusi kuliko maji. Aitwe mwizi, aitwe mtumwa, atozwe mbuzi watano mbele ya jumuiya nzima, naye angewaleta wote akiwa analia na kucheka. Ngollo alimshika mkono, akamwinua, akakung'uta vumbi kwenye magoti ya suruali yake.

"Nimekusamehe, fundi Nasri," alisema. "Ahsante kwa kusema, na ahsante kwa kazi ya mzee."

Aliurudisha mkono wake taratibu. Mzee Alois alichukua banjo, akajaribu nyuzi moja moja, zikakubali vidole vyake, akamgeukia Mama Martha na kuanza tangu mwanzo. Safari hii wimbo ulifika mwisho. Ngollo aliusikiliza wote akiwa amesimama, kisha akamsogelea Nasri na kumwuliza kwa adabu kama amepata chakula, na basi la kurudi mjini linapita saa ngapi, akamtakia safari njema.